Mkweche Umechoka: Nyie Wawili Mnunue Gari Gani?

Wanandoa wengi ninaowajua wanaweza kukaa wakakubaliana idadi ya watoto, shule ya kuwapeleka, hata mgeni gani wa ukoo akija alale chumba kipi. Ikifika kwenye gari, hapo ndipo kasheshe. Bwana anataka gari la heshima, bibie anataka gari lisilomtoa jasho kulipaki, na pesa iliyopo ni ile ile moja. Kama gari lenu limeanza kukohoa kila asubuhi, na usiku mnatumiana picha za magari kwenye simu huku mmelala kitanda kimoja, makala hii ni yenu.

Naandika nikiwa Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, mkoani Songwe. Mume wangu ni mtumishi hapa. Mimi kazi ya uhariri naifanyia nyumbani, na nikihitajika ofisini naenda kupandia basi Tunduma. Kwa miaka sita tulitegemea Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998. Ilitupeleka kliniki, sokoni na misibani, ikabeba maharage ya kaya zaidi ya moja. Lakini kila gari lina siku yake, na mwaka huu tulilazimika kukaa chini tuzungumze.

Na mazungumzo hayo hayakuwa ya gari tu. Tulikuwa na shilingi milioni 16, akiba ya miaka mitatu. Ndani ya pesa hiyo kulikuwa na mabati ya nyumba yetu, ambayo kuta zake zimesimama bila paa. Pia mama mkwe wangu ana presha, anaishi kijijini upande wa Isoko, na kila mwezi lazima aende kliniki. Tukikosea gari, aidha mvua inanyesha ndani ya nyumba, au mama anakosa dawa. Ndiyo maana nasema usichukulie kirahisi.

UTAJUAJE KUWA LIMEFIKA MWISHO?

Umri peke yake hausemi kitu. Kuna Corolla za miaka ya tisini zinazopiga kazi mpaka leo, na kuna magari ya juzi yanayolala gereji. Kinachosema ni risiti. Kusanya zote za miezi 12 iliyopita, jumlisha. Kisha ongeza siku ambazo gari lilikuwa kwa fundi nanyi mkalipa bodaboda na taksi.

Tofautisha pia ugonjwa na uchakavu. Betri, tairi, shokapu na bushi ni vitu vya kuisha, kila gari vinaliisha. Lakini gari likianza kula oili, rejeta ikiwa inapungua maji kila wiki, au gia inachelewa kuingia, hapo unalipia moyo na mapafu. Corolla yetu ilifika huko. Fundi alitoa bei ya kufungua injini, na bei hiyo ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya gari lenyewe. Jibu lilikuwa mezani.

DAFTARI KWANZA, SURA BAADAYE

Kabla hatujafungua picha ya gari lolote, tulifungua daftari. Tuliandika safari zote za miezi mitatu iliyopita: wapi, watu wangapi, mzigo gani, barabara ya aina gani. Jaribuni, mtashangaa.

Sisi safari nyingi zilikuwa za lami. Siku hizi ukitoka Isongole kwenda Mpemba ni lami, kilomita 50 hivi, unaibukia kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia. Tunduma iko jirani, na ukigeukia upande wa pili unakwenda Vwawa na Mbeya. Mara moja au mbili kwa mwezi tulikwenda kwa mama, ambako kipande cha mwisho cha kuingia kijijini ni udongo, na kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua za huku hazina utani. Karibu kila safari ya kurudi ilikuwa na mzigo: gunia, saruji, au mikungu ya ndizi.

Gari la kutamba kwenye harusi halikuonekana hata mstari mmoja. Harusi zilikuwa mbili, na zote tulipewa lifti.

BWANA NA RAV4, MIMI NA IST

Hapo sasa kila mtu akaleta mchumba wake. Mume wangu alileta RAV4, ile ambayo watu wanaiita Kill Time. Sura yake bomba, imenyanyuka, tairi zote nne zinavuta. Bei milioni 15 na nusu. Mimi nilileta Toyota IST, kadogo, kazuri, ni rahisi kukapaki Mwanjelwa hata siku ya soko.

Tuliviweka vyote mbele ya daftari. RAV4 ile ilikuwa na injini ya D4 ya cc 1998. Injini za namna hii hurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Ni teknolojia nzuri, lakini haipendi mafuta machafu, na huko vijijini mara nyingine petroli unaikuta kwenye chupa na madumu. Halafu tukiilipia, tunabaki na laki tano. Laki tano haiwezi kubeba dharura na mabati kwa pamoja.

IST nayo ilianguka kwenye mzigo. Ukiweka mama mkwe, watoto wawili na gunia, mtu mmoja anabaki barabarani.

Gari lililofaulu mtihani lilikuwa ambalo hakuna kati yetu aliyelipenda kwa sura: Toyota Probox. Kule Japan lilianza kuuzwa mwaka 2002, likatengenezwa kwa ajili ya makampuni na watu wa kusambaza bidhaa, ndiyo maana buti lake ni kama chumba. Wakenya wamelipa kazi mpaka limekuwa maarufu kwa kubeba mirungi. Kizuri zaidi, lile la cc 1500 linatumia injini ya familia moja na IST, Fielder, Raum na Spacio za cc hizo hizo. Maana yake spea zake hazitafutwi kwa tochi: Tunduma zipo, Mbeya zipo, na zikikosekana zinapandishwa basi kutoka Dar. Injini hiyo pia inatumia cheni badala ya ule mkanda wa taiming uliokuwa unatusumbua kwenye Corolla.

"Mama, Probox kweli?" mume wangu aliuliza. "Watu watasema tumeanza biashara ya mchicha."

"Wakisema, wao ndio wanaotuwekea mafuta?"

Alicheka. Lakini haikuishia hapo usiku ule. Kwa wiki nzima hakuligusia tena. Kwa mwanaume wa makamo yake gari ni kama koti la suti, watu wanakusoma nalo. Dada yangu, usimcheke mwenzio kwa hilo, na wewe kaka, usijifanye halipo. Nilichofanya ni kumrudishia daftari nimwambie achague yeye: safari ipi kati ya hizi tuifute ili tununue RAV4? Alikaa nalo siku mbili. Akasema hakuna.

BEI YA CHEE YA TUNDUMA

Ukiishi mkoa wetu utakutana na ofa hii: gari zuri, bei nusu, ila lina namba za Zambia, au ni "gari la IT" ambalo mwenye nalo "amekwama". Magari ya IT ni yale yanayoshushwa bandari ya Dar es Salaam na kuendeshwa mpaka mpakani, yakiwa njiani kwenda kwa wenyewe Zambia, Congo na nchi nyingine. Hayajalipiwa kodi ya Tanzania. Ukilinunua likabaki huku umeingia kwenye magendo, na sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu gari la namna hiyo kukamatwa na kutaifishwa. Dalali atakuwa ameshakula chake, na simu yake haipatikani. Sisi tuliletewa ofa mbili za hivyo, tukazikataa zote.

KUAGIZA AU KUNUA LILILOPO?

Wengi wanapenda kuagiza Japan, na sababu ipo. Wenzetu kule wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na ukaguzi wao wa lazima, ambao kwa gari jipya huanza baada ya miaka mitatu na kurudiwa kila miaka miwili, una gharama inayowafanya wengi wauze gari likiwa bado zima.

Lakini pigeni hesabu ya kodi kabla ya kulipenda gari. Kanuni iliyotumika hapa Tanzania kwa miaka mingi ni hii: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa gari la zaidi ya cc 1000 mpaka 2000, na 10 likizidi hapo, kisha VAT asilimia 18, pamoja na tozo ndogo ndogo. Uchakavu unalipiwa pia: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, likizidi miaka 10 asilimia 30. Kwa gari la cc 1500 lililozidi miaka 10, kodi inakaribia kuwa sawa na thamani ya gari lenyewe likifika bandarini. Lililo chini ya miaka 8 linalipa zaidi kidogo ya nusu ya thamani yake. Tena TRA wana thamani zao, siyo lazima wafuate risiti yako, kwa hiyo tumieni kikokotoo chao cha mtandaoni. Kenya wao hawaruhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sisi tunaruhusiwa, ila tunalipia.

Kwa mfuko wetu, gari lililokwisha kusajiliwa hapa ndilo lililowezekana. Tahadhari moja: herufi za namba zisikupumbaze. Namba D au E inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, haikuambii lilitengenezwa lini. Mwaka wa kutengenezwa uusome kwenye kadi.

SIKU YA KUKAGUA

Tulipata Probox ya 4WD, ya cc 1500, kwa mtumishi mmoja wa Vwawa aliyekuwa anahama. Tulikwenda na fundi wetu wenyewe, siyo wa muuzaji. Haya ndiyo tuliyofanya, nanyi fanyeni:

Fika asubuhi na mwambie muuzaji asiliwashe kabla yako. Injini ya baridi haijui kudanganya. Likiwaka, angalia moshi: wa bluu ni oili inaungua, mweupe mzito usiokwisha ni maji yanaingia pasipotakiwa, mweusi ni petroli inazidi.

Fungua kifuniko cha oili na cha rejeta kabla halijapata moto. Ukiona uji kama wa maziwa, aga kwa heshima uondoke.

Ingia uvunguni. Huku kwetu magari hugonga mawe. Angalia sampo, bushi na kutu.

Liendeshe mlimani na kwenye mashimo, redio ikiwa imezimwa. Sikiliza gia na stelingi.

Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye kadi. Jina la kadi liwe la anayeuza, ukiona "kadi ipo kwa shemeji" simama hapo hapo. Angalieni pia kama gari linadaiwa faini za barabarani.

Lipeni kupitia benki, andikianeni mkataba mbele ya wakili, kisha nendeni TRA kubadilisha jina mapema. Na kadi iandikwe jina gani? Zungumzeni kabla. Nimeona ndoa zilizotulia zikitikiswa na kikaratasi hicho.

KILICHOBAKI MFUKONI

Probox tuliipata kwa milioni 10 na nusu. Milioni moja na nusu tuliiweka pembeni kwa kubadilisha jina, bima, oili, tairi mbili na shokapu. Fanyeni hivyo bila kuona uchungu: gari la mtumba halimaliziki siku ya kulinunua. Corolla tulimuuzia fundi ya kung'oa spea, tukamtajia magonjwa yake yote.

Msisahau mafuta. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na wilaya za mbali na bandari kama yetu hulipa zaidi kwa kila lita. Tena ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa mwaka 2017, ilihamia kwenye bei ya mafuta. Gari linalokunywa sana unalilipia kila siku.

Nisiwadanganye, Probox siyo Land Cruiser. Mvua ikizidi tunaliacha barabara kubwa, mama anamalizia na bodaboda. Kelele za ndani zipo, na wapo wanaotuuliza mchicha bei gani. Lakini kliniki mama hajakosa, na milioni nne zilizobaki zimenunua mabati. Mume wangu siku hizi ndiye anayelitetea gari kuliko mimi.

Basi Jumamosi hii wekeni simu mbali, chukueni daftari. Andikeni safari zenu za miezi mitatu, kila mmoja kwa mwandiko wake. Andikeni na kile ambacho pesa hiyo ingefanya kama isingekuwa gari: kiwanja, ada, paa, au uzazi unaokuja. Gari mtakaloweza kulinunua bila kukifuta kitu hicho, hilo ndilo la kwenda kulikagua.