Herufi moja ya DNA inayobadili jina la saratani ya ubongo

Kwa miongo mingi, uvimbe wa ubongo ulipewa jina kwa macho. Daktari wa upasuaji alikata kinyama, mwanapatholojia akakitazama kwenye hadubini, akapima umbo la seli na mishipa ya damu iliyoota humo, kisha akaandika ripoti. Shida ni kwamba wagonjwa wawili wenye ripoti ileile waliweza kuachana mbali: mmoja akafariki kabla mwaka haujaisha, mwenzake akaishi miaka mingi, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini.

Jibu zito lilianza kupatikana mwaka 2008. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichambua jeni zaidi ya 20,000 katika uvimbe wa wagonjwa 22 wa glioblastoma, saratani ya ubongo inayoongoza kwa ukali na kwa idadi miongoni mwa watu wazima. Jeni iliyowashangaza, IDH1, haikuwa hata ikishukiwa. Kazi yake ni kutengeneza kimeng'enya kinachoisaidia seli kutumia chakula. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa, wengi wao vijana, herufi moja ya DNA ilikuwa imebadilika: palipokuwa na G pakawa na A. Herufi moja, kati ya takriban bilioni tatu.

Mwaka 2009 yakaanza kufahamika madhara yake. Kimeng'enya chenye kosa hilo hakifi, bali huanza kuzalisha kemikali iitwayo 2-haidroksiglutarati. Kemikali hii inafanana mno na ile halali inayohitajiwa na seli, hivyo hukaa mahali pake, kama kijiti kilichovunjikia kwenye tundu la kufuli: ufunguo upo, lakini hauingii. Vimeng'enya vinavyofuta alama za kemikali zilizobandikwa kwenye DNA vinakwama, alama zinarundikana, na seli changa inashindwa kukomaa. Badala ya kukomaa, inaendelea kugawanyika.

Ajabu ni kwamba wenye badiliko hili, kwa wastani, huishi muda mrefu kuliko wasio nalo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitenganisha rasmi makundi hayo mawili kuwa magonjwa tofauti. Siku hizi mtu mzima mwenye badiliko la IDH haambiwi ana glioblastoma, hata kama seli zake zinatisha kwenye hadubini. Ugonjwa wake huitwa astrositoma au, ikiwa vipande fulani vya kromosomu ya 1 na ya 19 vimepotea pia, oligodendroglioma.

Glioblastoma yenyewe hupita njia nyingine. Mara nyingi jeni ya EGFR, inayoamuru seli zikue, huwa imejirudufu kupita kiasi, na jeni ya PTEN, inayozuia ukuaji huo, imepotea. Mwaka 2018 watafiti wa Korea Kusini walionyesha jambo linalostahili kufikiriwa sana: katika zaidi ya nusu ya wagonjwa wa glioblastoma waliowachunguza, mabadiliko yaliyokuwa kwenye uvimbe yalikutwa pia kwenye eneo la seli shina kandokando ya vyumba vya maji ya ubongo, mahali palipoonekana pazima.

Kwa baadhi ya watoto, hasa wenye uvimbe wa shina la ubongo, kosa hukaa kwenye jeni za histoni, protini zinazoviringiwa na DNA. Hilo liligunduliwa mwaka 2012.

Familia huuliza: ugonjwa huu umetoka upande wa nani? Kwa wagonjwa walio wengi, haukutoka kwa yeyote. Kosa lilizuka ndani ya seli moja ya ubongo wa mtu huyo, na halimo kwenye mbegu wala kwenye yai. Koo zenye jeni mbovu ya kurithi, kama zile za ugonjwa wa Li-Fraumeni, zipo lakini ni chache. Mama asilaumiwe, wala asitafutwe mchawi.

Kujua jeni sasa kunabadilisha tiba. Agosti 2024 Marekani iliidhinisha vorasidenib, kidonge kinachozuia kimeng'enya cha IDH kilichoharibika. Katika majaribio, uvimbe wenye badiliko hilo, wa daraja la pili la ukali, ulichukua wastani wa miezi 27.7 kabla ya kukua tena au mgonjwa kufariki, dhidi ya miezi 11.1 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Glioblastoma haijapata nafuu ya namna hiyo. Tiba yake kuu bado ni upasuaji, mionzi na dawa ya temozolomidi.

Kupima jeni zote ni ghali, lakini kosa la IDH1 linalotokea zaidi huonekana kwa rangi maalumu inayopakwa kwenye kinyama, katika maabara ya kawaida ya patholojia yenye vifaa hivyo. Naamini kila hospitali ya rufaa inayopasua ubongo inapaswa kuwa na kipimo hicho. Na wewe mwenye ndugu anayesubiri upasuaji, muulize daktari mapema: kinyama kitapimwa IDH? Kitahifadhiwa wapi? Omba nakala ya ripoti, uitunze.