Panya wa maabara naye hupimwa minyoo

Kazi yangu ni kutunza panya wa maabara. Kila nirudipo Mombasa mjomba hunicheka: "Yaani mwanangu umesoma kote huko uje upime choo cha panya?" Ndiyo, mjomba.

Panya weupe wa utafiti hupata minyoo myembamba kama uzi, ikakaa ndani ya utumbo. Panya mwenyewe mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Anakula, anacheza, manyoya yanang'aa. Lakini minyoo ile huichokoza kinga ya mwili. Mtafiti akimjaribia chanjo au dawa ya pumu, hatajua lililobadilika limeletwa na dawa ama na minyoo.

Aina mbili hutusumbua zaidi. Jike la Sifasia hutoka nje kutaga pembeni mwa tundu la haja kubwa. Huyo nabandika selotepu pale, naibandua, naibandika kwenye kioo na kutazama kwa hadubini. (Watoto wetu nao wakiwashwa usiku hupimwa vivyo hivyo, asubuhi kabla ya kuoga.) Yai lake ni bapa upande mmoja, mfano wa ndizi ndogo.

Aspikulurisi ni mjanja. Hutaga ndani kwa ndani, mayai yakatoka na kinyesi, kwa hiyo selotepu haimnasi. Hapo nakoroga kinyesi katika maji ya chumvi kali kushinda bahari, kama ya mabwawa ya Gongoni chumvi inapokaribia kuganda. Uchafu mwingi huzama, mayai huelea, nami nayaokota juu kwa kioo chembamba.

Nilipokuwa mgeni kazini niliandika "safi" kwa chumba kizima kwa kutegemea selotepu peke yake. Baadaye panya mmoja akapasuliwa, utumbo umejaa minyoo. Kazi ya miezi ya mtafiti ikaenda bure, na sahihi kwenye karatasi ni yangu.

Siku hizi napima kwa njia zote mbili, tena narudia. Sifasia huchukua siku 11 hadi 15 kabla ya kuanza kutaga, Aspikulurisi kama 23, hivyo panya aliyeambukizwa juzi hana yai la kuonekana. Nikiwa na shaka, kinyesi hupelekwa kipimo cha vinasaba. Likipatikana hata yai moja, chumba chote hulishwa chakula chenye fenbendazoli kwa majuma kadhaa, maranda hutupwa, vizimba hutiwa mvuke, maana mayai yale husafiri na vumbi.