Penseli Kabla ya Kibodi

Mwanafunzi wa Picha ya Ndege, mjini Kibaha, anayejiandaa kwa mtihani wa kompyuta wa Baraza la Mitihani, huambiwa kwamba bila kompyuta nyumbani amekwisha. Si kweli. Sehemu kubwa ya somo hili hupimwa kwa kalamu: kubadili 13 kuwa 1101 katika mfumo wa binari, kuchora mtiririko wa hatua, kutafuta kosa katika programu. Chukua programu inayojumlisha namba kuanzia 1 hadi 4. Mwenye kufuata kila mzunguko kwenye karatasi ataandika 1, 3, 6, 10. Anayeishia 6 ataona mwenyewe kuwa alisimama mapema. Mashine ingempa jibu tu, bila kumwonyesha wapi fikra zake ziliteleza. Kuandika programu bila mashine si jambo jipya: mwaka 1843 Ada Lovelace alichapisha hatua za hesabu kwa ajili ya mashine ya Charles Babbage ambayo haikuwahi kukamilika.

Watapinga walimu, na wana hoja: kuna mtihani wa vitendo, na vidole havijifunzi hifadhidata kwa kusoma daftari. Ndiyo maana saa chache za maabara zisipotezwe kwa kufikiri upya kila kitu (wala kwa michezo, tusifichane). Mwanafunzi aingie na programu aliyokwisha kuiandika na kuikagua kwa mkono, akiwa amebashiri matokeo yake. Aiendeshe, alinganishe, kisha ampishe mwenzake kiti arudi kwenye daftari kutafuta tofauti ilitoka mstari gani.