KWA NINI WATAZAMAJI WA SHERLOCK HOLMES HAWAPATANI

Muhula huu mwalimu wetu wa Kiingereza alituonyesha sisi wa kidato cha nne michezo kadha ya Sherlock Holmes katika televisheni ya shule. Usiku ule bwenini ulizuka ubishi mkubwa hata kiranja akaja kutunyamazisha. Nataka kueleza asili ya ubishi huo, maana si wetu peke yetu. Watazamaji wa nchi nyingi wamebishana hivyo hivyo.

Hadithi za Holmes zilitungwa na Arthur Conan Doyle, daktari mzaliwa wa Edinburgh. Ya kwanza ilitoka mwaka 1887, na zote jumla ni 60. Kampuni ya televisheni ya Granada, ya Uingereza, ilitoa michezo 41 kutokana na hadithi hizo, tangu 1984 hata 1994. Holmes aliigizwa na Jeremy Brett.

Fungu la kwanza la watazamaji hutaka mchezo ufuate kitabu. Hawa huisifu sana michezo ya mwanzo. Husifu hasa jinsi alivyoonyeshwa Daktari Watson, rafiki wa Holmes. Katika filamu za miaka ya 1939 hata 1946, Nigel Bruce alimwigiza Watson kama mzee mpumbavu wa kuchekesha. Lakini kitabuni Watson ni tabibu aliyetumika jeshini Afghanistan, mtu mwenye akili zake. Granada walimrudishia heshima yake, kwanza kwa David Burke, kisha kwa Edward Hardwicke. Waliosoma "Mzimu wa Watu wa Kale" cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka 1960, wataelewa jambo hili. Je, tungefurahi kumwona Najum, rafiki wa Bwana Msa, amefanywa kichekesho?

Fungu la pili husema kwamba mchezo si kitabu. Kila msomaji huchora picha yake moyoni. Mimi niliposoma habari za London niliziona njia zake kama barabara yetu ya Dumila, pamoja na wauza vitunguu na nyanya. Televisheni haiwezi kumridhisha kila mtu kwa picha yake. Tena, kitabuni Watson hutueleza anayofikiri, lakini katika mchezo yapasa uso na mikono ya mwigizaji viseme. Kwa hiyo mabadiliko hayaepukiki.

Hata hivyo mabadiliko yana mpaka. Mwaka 1993 hadithi moja fupi ilivutwa hata ikawa mchezo mrefu uitwao "The Eligible Bachelor", na Holmes akatiwa ndoto za kutisha ambazo Doyle hakuziandika. Wapenzi wengi wa vitabu hawakupendezwa, na mimi nakubaliana nao.

Lakini liko jambo moja lililotupita sote. Katika michezo ya mwisho Brett amenenepa, na pumzi zake ni nzito. Tulicheka, na mimi nilikuwa wa kwanza kucheka. Nikasema kwamba mwigizaji huyu amekuwa mvivu. Mwalimu akasimamisha picha, akatueleza kwamba Brett alikuwa mgonjwa wa moyo na wa akili, na dawa zilimvimbisha mwili. Katika mchezo mmoja wa 1994 ugonjwa ulimzidi, ikabidi kazi ya upelelezi ifanywe na Mycroft, kaka yake Holmes, aliyeigizwa na Charles Gray. Brett alifariki mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 61.

Niliona haya. Nilikuwa nimetoka kumtazama mpelelezi asiyehukumu kabla ya kuuliza sababu, nami nikahukumu papo hapo.

Basi bwenini tumewekeana sharti. Mtu akisema mchezo ni mbaya, humwuliza mambo matatu: Umesoma kitabu? Kilichobadilishwa ni nini? Unajua kwa nini kilibadilishwa? Ubishi haujakwisha, lakini sasa kitabu cha Holmes kilichomo maktabani kina wasomaji wanaokingojea kwa zamu.