Mzee Anapoanza Kusahau

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo lililomo katika nyumba nyingi, nalo husemwa kwa kunong'ona tu: mzee wa nyumba anapoanza kusahau.

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 19, tunasoma habari za Barzilai Mgileadi, mzee wa miaka 80. Mfalme Daudi alimwalika akakae naye Yerusalemu. Barzilai akakataa kwa heshima, akieleza kwamba hawezi tena kuonja ladha ya chakula wala kusikia sauti za waimbaji. Angalieni, hakuona haya kuutaja uzee wake mbele ya mfalme, wala mfalme hakumcheka. Alimbusu, akambariki, naye akarudi kwao.

Ubongo ni kiungo cha mwili kama goti na jicho, nao huzeeka. Tangu utu uzima hupungua ukubwa kidogo kidogo, na habari hupita ndani yake polepole zaidi. Kwa hiyo mzee hulitafuta jina la mtu, likamjia jioni wakati mgeni amekwisha kwenda. Huo si ugonjwa. Maneno, methali na ujuzi wa kazi aliyoizoea hubaki, na wazee wengi wana maneno mengi kuliko wajukuu wao wenye vyeti.

Lakini uko usahaulifu mwingine. Mama aliyepika chapati miaka 40 akisahau chumvi siku moja, si neno. Akisimama mbele ya unga na maji asijue aanze na lipi, hilo ni neno. Mzee aliyeuza mbuzi wake jana, na leo anadai ameibiwa. Anayepotea njia ya sokoni aliyoipita maisha yake yote. Anayeuliza swali lile lile mara tano kabla chai haijapoa: hao wapelekwe hospitali.

Waganga huita hali hii dimensia. Si ugonjwa mmoja, bali ni hali iletwayo na magonjwa kadhaa, na lililo kubwa kati yao lina jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, huko Frankfurt, alianza kumwangalia mama mmoja wa miaka 51 aliyekuwa akipoteza kumbukumbu. Mama huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa darubini, akaona madonge na nyuzi zilizojisokota mahali palipopaswa kuwa na chembe zenye afya. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, hasa kwa mtu mwenye presha, kisukari au aliyepatwa na kiharusi.

Ugonjwa wa Alzheimer mara nyingi huanza kushambulia sehemu ya ndani ya ubongo inayoandika habari mpya. Habari za zamani ziliandikwa kwingine, nazo hukaa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana nyanya aweza kukusimulia Hali ya Hatari iliyoanza mwaka 1952, na kijiji walichohamishiwa, asikumbuke kama amekunywa uji asubuhi. Watoto wake husema, "Anajifanya, maana ya zamani anayajua yote!" La, hajifanyi. Uji wa asubuhi haukuandikwa popote.

Tena, msikate shauri nyumbani kwamba ni uzee tu. Upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, huzuni ya muda mrefu, au dawa nyingi zisizopatana, vyote huweza kumsahaulisha mtu, navyo vina matibabu. Na mzee aliyekuwa mzima juzi, leo anaweweseka na hatambui watu, apelekwe siku hiyo hiyo. Huenda ni malaria, kichomi, au maambukizo ya njia ya mkojo.

Sasa nifike kwenye jambo linalonichoma moyo. Mzee mwenye dimensia aweza kuzurura usiku, kusema peke yake, au kuingia boma la jirani akidhani ni lake. Jirani akimwona saa nane za usiku mlangoni pake, hutaja neno moja: uchawi. Wazee wamefukuzwa na hata kuuawa kwa neno hilo, hasa kule Kilifi na Kisii. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani, Kisii, kwa shutuma za uchawi. Sisemi wao walikuwa na ugonjwa huu. Nasema kwamba mwenye ugonjwa huu hana namna ya kujitetea, kwa kuwa hata yeye hajui alifikaje pale. Wala tusije na maombi ya kutoa pepo pahali panapotakiwa daktari. Mkristo aliyesahau Sala ya Bwana hakuiacha imani. Ubongo wake unaumwa.

Dawa ya kuuponya ugonjwa wa Alzheimer haijapatikana, ingawa ziko za kupunguza dalili kwa muda. Lakini mwaka 2024 wataalamu wa jarida la The Lancet walitaja mambo 14 ambayo, yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya dimensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Miongoni mwake ni presha, kisukari, sigara, pombe nyingi, kuumia kichwa (vijana wa bodaboda, vaeni kofia!), kukosa elimu utotoni, upweke, na kutosikia. Mkumbukeni Barzilai! Mzee asiyesikia huacha kuzungumza, na asiyezungumza hubaki peke yake. Kuongeza sauti ya vipaza sauti kanisani hakumsaidii. Kuketi karibu naye na kumwangalia usoni kunamsaidia.

Mwaka 1986, huko Marekani, mtaalamu David Snowdon alianza kuwachunguza watawa wa Kikatoliki. Waliojiunga naye walikuwa 678, wote wa miaka 75 na zaidi. Walikubali kupimwa kila mwaka na kuutoa ubongo wao baada ya kufa. Mmoja wao, mwalimu wa miaka mingi, alifariki akiwa na miaka 101. Ubongo wake ulikuwa na dalili nyingi za ugonjwa, lakini katika vipimo alikuwa akijibu vizuri. Wataalamu huona kwamba akili iliyotumika sana hujiwekea akiba.

Kwa ninyi mnaomtunza mgonjwa: msibishane naye. Akimwuliza mkewe aliyekufa, msimpe habari za msiba upya kila siku. Mwulizeni walikutana wapi. Wana, msimtie mzee kidole kwenye wino wa hati ya shamba asilolielewa. Na akina mama wa kanisa, yuko mkaza mwana nyumbani humo ambaye hajalala vizuri tangu mwaka jana. Nendeni mkakae na mzee mchana mmoja, naye apate kulala.

Mkienda, chukueni kitabu cha nyimbo. Wimbo wa ujanani mara nyingi hudumu wakati majina ya watoto yamekwisha potea. Anzeni ubeti wa kwanza polepole, kisha msubirini kwenye kiitikio.