Chai ya Artemisia na Hesabu ya Malaria

Artemisia annua, mmea ambao wengine huuita pakanga, ndio chanzo cha artemisinini, kiambato cha dawa kinachoua vimelea vya malaria kwa kasi kuliko dawa nyingine zote zinazotumika leo. Kutokana na ukweli huo limezaliwa swali ambalo wafamasia na watafiti wa tiba asili huulizwa karibu kila wanaposimama mbele ya watu: ikiwa dawa ya hospitali imetoka kwenye majani haya, mtu ana haja gani ya vidonge na majani yako uani? Swali lenyewe limekosewa. Linachukulia kwamba kilichomo kwenye jani, kilichomo kwenye kikombe na kinachofika kwenye damu ni kitu kimoja kwa kiasi kimoja.

Kwanza kikombe. Jani kavu la artemisia linaweza kuwa na artemisinini chini ya asilimia 0.1, na linaweza kupita asilimia 1. Hutegemea mbegu, udongo, wakati wa kuvuna na namna majani yalivyoanikwa na kuhifadhiwa. Macho hayawezi kuona tofauti hiyo, wala ulimi hauionji, kwa kuwa uchungu wa chai hauna uhusiano na wingi wa dawa. Juu ya hayo, artemisinini huyeyuka kwa shida kwenye maji. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, gramu 9 za majani zilitiwa kwenye lita 1 ya maji ya moto, na chai iliyopatikana ikapimwa maabara: miligramu 94.5. Dozi ya artemisinini kwa mtu mzima ilikuwa miligramu 500 kwa siku. Lita nzima, chungu ya kukunja uso, imebeba chini ya moja ya tano ya dozi, tena majani yakiwa yamepimwa kwa mizani. Jikoni hakuna mizani. Leo hutiwa vidole vitatu vya majani, kesho kiganja kizima, na mtoto wa miaka minne humiminiwa nusu ya kikombe cha baba yake kwa kukisia.

Pili damu, na hapa ndipo imani ya chai inapoanguka. Mtu mzima aliyezidiwa na malaria anaweza kuwa na vimelea trilioni 1 mwilini. Vimelea vya falsiparamu huzaliana kwa mizunguko ya saa 48, na artemisinini ya dozi kamili hupunguza idadi yao takribani mara 10,000 katika kila mzunguko. Baada ya mzunguko wa kwanza, trilioni inakuwa milioni 100. Baada ya wa pili wanabaki 10,000. Homa imekwisha, mgonjwa anaomba ugali, jirani anasema chai imefanya kazi. Lakini artemisinini hukaa kwenye damu kwa saa chache tu, na ikitumika siku kadhaa mfululizo, ini hujifunza kuivunja upesi zaidi, hivyo kikombe cha siku ya tano huacha dawa kidogo kuliko cha siku ya kwanza. Wale 10,000 waliosalia hawasikiki wala hawaumi. Wanaongezeka upya, na baada ya wiki moja hadi nne homa inarudi, ikihesabiwa kuwa malaria mpya iliyoletwa na mbu mwingine. Ushuhuda wa aliyekunywa akapona mara nyingi ni wa kweli kabisa, ila umetolewa mapema mno. Hesabu hii ni ya dozi kamili. Kwa dozi ya moja ya tano hali ni mbaya zaidi.

Hiyo ndiyo sababu dawa mseto ikaitwa mseto. Katika ALu, inayotumika Tanzania tangu mwishoni mwa 2006, kila kidonge kina miligramu 20 za artemeta, ambayo hutengenezwa kutokana na artemisinini, na miligramu 120 za lumefantrini. Artemeta hufyeka wengi kwa siku tatu, kisha lumefantrini, inayobaki mwilini kwa siku kadhaa, inawafuata waliojificha. Chai haina mwenzake wa namna hiyo. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitaka viwanda viache kuuza vidonge vya artemisinini pekee, kwa hoja hii hii. Kisichokubalika kwenye kidonge chenye dozi iliyopimwa hakiwezi kukubalika kwenye sufuria isiyopimwa.

Watetezi wa chai humtaja Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, kana kwamba ni shahidi wao. Kazi yake inashuhudia kinyume. Mradi 523 wa kusaka dawa ya malaria, ambao Tu aliufanyia kazi na ambao ulipewa jina kutokana na tarehe 23 Mei 1967 ulipoanzishwa, ulichunguza mitishamba mingi ya Kichina. Dondoo za artemisia zilikuwa zikileta majibu ya kuyumba: mara zinaua vimelea vya panya, mara haziui. Tu alirudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4 na kukuta maelekezo mafupi: mmea ulowekwe majini, ukamuliwe, maji yake yanywewe. Hakuna moto katika maelekezo hayo. Alishuku kwamba joto ndilo linaloharibu dawa, akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 tu, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikaondoa vimelea vyote kwenye panya. Kisa kinachosimuliwa ili kuitetea chai kilianza pale mtafiti alipouepa moto, na kikaendelea kwa miaka ya kuitenga molekuli, kuipima na kuibadilisha hadi mwili uipokee vizuri zaidi.

Chai yenyewe nayo imejaribiwa kwa wagonjwa. Katika jaribio la Kongo lililochapishwa mwaka 2004, siku ya saba asilimia 74 ya waliokunywa chai hawakuwa na vimelea, dhidi ya asilimia 91 ya waliotumia kwinini. Katika wiki zilizofuata malaria ikawarudia wengi wa kundi la chai. Utafiti mwingine wa Kongo, uliodai kwamba chai inaishinda dawa mseto na ambao bado unasambazwa kwenye simu, uliondolewa na jarida lililouchapisha. Lipo pia jaribio dogo la Uganda ambalo watu walikunywa chai mara moja kwa wiki na wakapata malaria mara chache zaidi. Linastahili kufuatiliwa, pengine kwa sababu ya viambato vingine vya jani, lakini halisemi lolote kuhusu kumtibu mtu ambaye tayari ana homa.

Hatari haimhusu mnywaji peke yake. Mwaka 2020 watafiti waliripoti Rwanda vimelea vyenye badiliko la jeni liitwalo R561H, linaloendana na usugu dhidi ya artemisinini. Badiliko hilo limekutwa pia Kagera, na mengine ya aina hiyo kaskazini mwa Uganda. Usugu una sababu nyingi, lakini kumwonjesha kimelea dozi hafifu ya dawa ileile, wiki baada ya wiki, ni njia inayojulikana ya kuulea. Klorokwini ilipotea hivyo hivyo mikononi mwa watu, na safari hii hakuna dawa nyingine iliyo tayari kuchukua nafasi kwa wepesi. Msimamo wa Shirika la Afya Duniani, uliorudiwa mwaka 2019, ni kwamba artemisia isitumike kama chai, unga wala majani kwa kutibu au kukinga malaria.

Linabaki lile neno la sokoni, kwamba cha asili hakina kemikali. Mpishi yeyote aliyewahi kuloweka muhogo mchungu anajua kwamba mmea unaweza kubeba sumu bila kupitia kiwandani, kwani kinachoondolewa pale ni sianidi. Artemisinini ni kemikali ikiwa jani na ni kemikali ikiwa kidonge. Kuna kosa jingine la kawaida pia: Artemisia afra, ndugu wa mmea huu anayeota kwenye nyanda za juu za Afrika, huuzwa kwa jina lilelile la artemisia ilhali karibu hana artemisinini kabisa. Mwaka 2020 kinywaji cha Madagascar chenye artemisia, Covid-Organics, kilichonadiwa dhidi ya Uviko-19, kilipokelewa nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, kabla majaribio hayajasema lolote. Kazi ya uchunguzi wa mitishamba, kama inayofanywa na Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, ni ya heshima na ni ya lazima. Inavunjiwa heshima pale jani linapouzwa kwanza na kuchunguzwa baadaye.

Mwenye homa apime kwanza, kwa kipimo cha haraka au darubini. Ikiwa ni malaria isiyo kali, mtu mzima hutumia ALu vidonge vinne kwa mkupuo, mkupuo wa pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni hadi vidonge 24 viishe ndani ya siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Watoto hupewa kwa uzito. Mjamzito aende kliniki: tangu 2022 ALu inapendekezwa hata katika miezi mitatu ya kwanza. Degedege, kutapika kila kitu, kulegea, kupumua kwa shida au kupoteza fahamu ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, kwa sindano ya artesuneti. Chandarua kila usiku. Aliyekwisha kunywa chai yoyote ya majani amwambie mhudumu ni majani gani, kiasi gani na tangu lini. Homa ikirudi ndani ya siku 28, apime tena na kusema alichotumia mara ya kwanza.