Chombo Kipigwacho Bila Kuguswa

Karibu na Litein, katika nchi ya majani ya chai, pana mahali paitwapo Kapkatet. Hapo mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakimwimba Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sauti yake ilifika huko kwa santuri. Kwa kuwa hawakupata kumwona, walimwazia kuwa kiumbe nusu mtu nusu swala. Ndivyo ilivyo: sauti isiyoonekana mwenyewe humtia msikilizaji mawazo mengi.

Basi na astaajabu zaidi asikiaye habari za theremini, chombo alichokibuni Mrusi Leon Theremin karibu mwaka 1920. Ni sanduku lenye fimbo ya chuma iliyosimama, na kitanzi cha chuma ubavuni. Ndani yake umeme hufanya mitetemo miwili ya kasi mno, isiyosikika kwa sikio. Tofauti ya mitetemo hiyo ndiyo isikikayo. Mkono wa kuume ukikaribia fimbo, sauti hupanda. Wa kushoto ukikaribia kitanzi, hufifia. Mpigaji hagusi kitu, wala hana alama ya kumwonyesha pa kuweka kidole. Hata mwili ukiyumba kidogo, sauti hupotoka.

Aliyekimudu kuliko wengi ni Clara Rockmore, mzaliwa wa Vilnius mwaka 1911. Tangu utotoni alikuwa hodari wa fidla, walakini mkono wake ulidhoofika, ikambidi aiache. Chombo hiki kilimrudishia muziki wake, na mwaka 1934 alikipiga mbele ya watu katika Town Hall, New York.

Dada yake mkubwa, Nadia Reisenberg, bingwa wa piano, alifuatana naye. Piano, ambayo kila sauti yake ina kibao chake, ilikuwa kama ardhi imara; theremini ikapita juu yake kama mtu aimbaye. Santuri yao ilitolewa mwaka 1977. Nadia alifariki mwaka 1983, na Clara mwaka 1998, lakini sauti zao zingaliko.

Wazee husema, kidole kimoja hakivunji chawa. Vijana wenye kinubi cha Kikipsigis na wafikiri jambo hili: chombo kipya hakikukifukuza cha zamani, bali kila kimoja kilimsikiliza mwenziwe.